Kamba mfukoni mwa kocha: Kipimo cha kwanza kwa vijana wa soka Kolo

KOLO, Kondoa. Ukitoka Babati kwenda Dodoma kwa barabara kuu, kabla hujafika Kondoa mjini unapita Kolo. Wageni wengi husimama hapa kwa sababu moja tu, michoro ya miambani. Kilomita chache kutoka kijijini, juu kwenye majabali, wapo watu waliochorwa kwa rangi nyekundu enzi za kale. Ni warefu, wembamba, miguu imenyooka kama ya wakimbiaji. Michoro hiyo ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Huku chini, kama ilivyo kila kijiji cha Tanzania, jioni ni ya mpira. Magoli ya miti, vumbi, nusu ya timu ina viatu na nusu iko peku.

Sasa mchukulie winga mmoja wa miaka 16. Si mtu fulani, ni yule ambaye kila timu ya shule inaye. Mwaka juzi alikuwa akipiga krosi na kurudi kukaba bila kuambiwa. Mwaka huu dakika ya 20 ameshika magoti. Jezi imembana tumboni. Akifika nyumbani anakunywa soda, analala. Mashabiki wa pembeni wanamwita bonge. Kocha anamwita mvivu. Jumamosi inayofuata anaanzia benchi, Jumamosi ya pili hata kwenye orodha hayumo.

Wengi wanaishia hapo. Kipaji kimepotea, wanasema, kijana ameharibiwa na starehe. Hakuna anayejiuliza swali moja: je, kama mwili wake ulikuwa unatoa taarifa na hakuna aliyeisoma?

MWILI UNAVYOCHEZA

Iko hivi. Chakula kikishaingia tumboni, ugali, wali, chipsi au soda, sehemu kubwa hugeuka kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia yenyewe kwenye misuli. Inahitaji mtu wa kuigawa, na huyo ni insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho.

Ifikirie insulini kama kiungo mchezeshaji. Anapokea mpira, anautoa kwa mshambuliaji, mshambuliaji anaumalizia. Misuli ndiyo washambuliaji. Kijana mwenye afya hahitaji pasi nyingi, insulini kidogo inatosha na sukari inaingia kazini.

Tatizo linaanza mafuta yanapojaa tumboni, kwenye ini na ndani ya misuli yenyewe. Washambuliaji wanaanza kuzembea. Pasi inakuja, hawaifuati. Kongosho inaona sukari bado imezagaa kwenye damu, inaongeza insulini. Pasi mbili, tatu, nne. Kwa muda matokeo yanabaki mazuri, na ukimpima sukari kijana huyo utaambiwa yuko sawa. Lakini kongosho inacheza dakika za nyongeza kila siku, bila mapumziko na bila mchezaji wa akiba.

Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi. Mwisho wake kongosho inachoka, sukari inapanda na haishuki tena. Hapo ndipo mtu anaambiwa ana kisukari aina ya pili. Mara nyingi haji peke yake. Huja na presha ya kupanda, mafuta mabaya kwenye damu na mafuta kwenye ini. Wataalamu huyaweka matatizo haya kwenye kapu moja kwa sababu yanasaidiana kuharibu moyo, figo, macho na mishipa ya miguu.

Kwa umri wa vijana wa UMISSETA kuna jambo la ziada. Wakati wa balehe, mwili wenyewe hupunguza kidogo usikivu wake kwa insulini kwa sababu ya homoni za kukua. Ni jambo la kawaida na kwa wengi hupita. Ila kwa kijana ambaye tayari ana mzigo wa mafuta tumboni, balehe ni kama mechi ya ugenini. Udhaifu uliokuwa umejificha unaonekana. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri vijana wenye uzito uliozidi na dalili nyingine ya hatari waanze kupimwa wakiwa na miaka 10, au balehe inapoanza kama imetangulia.

NAMBA ZINAVYOSEMA

Kuna mtu atasema hayo ni magonjwa ya Dar es Salaam, ya watu wenye magari. Zamani angekuwa karibu na ukweli. Mwaka 1989 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania. Watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa kuanzia miaka 15 walipimwa. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila 100.

Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, safari hii kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Takribani tisa kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Takribani robo walikuwa na presha ya kupanda, na takribani robo walikuwa na uzito uliozidi. Tafiti hizi mbili hazikupima umri uleule wala maeneo yaleyale, hivyo si haki kuzilinganisha kama msimamo wa ligi. Lakini hata ukitoa punguzo hilo, jedwali limebadilika.

Na mtu wa miaka 40 anayekutwa na kisukari leo hakukipata jana. Alikuwa na miaka 16 siku moja. Huenda alikuwa winga.

LAMI ILIPOFIKA

Kwa Kolo na vijiji vingine vya kando ya barabara ya Dodoma hadi Babati, mambo mengi yalibadilika pamoja na lami. Barabara hiyo ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na ni baraka, hakuna anayebisha. Mgonjwa anafika hospitali mapema, alizeti na karanga za Kondoa zinafika sokoni.

Lakini barabara haichagui mizigo. Lori linalochukua alizeti ndilo linaloshusha kreti za soda. Vijiji vya barabarani vina meza za chipsi, na bodaboda inampeleka mwanafunzi shule ambayo baba yake aliiendea kwa miguu.

Tufanye hesabu moja ndogo. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350 ina sukari takribani gramu 37. Hiyo ni sawa na vijiko tisa vya chai. Hakuna mama Kolo atakayeweka vijiko tisa kwenye kikombe kimoja cha mwanawe akanyamaza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Soda moja baada ya mazoezi imeshavuka.

Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vimekuwa sehemu ya mechi za ndondo. Vijana wanavimimina kooni kabla ya filimbi wakiamini vinaleta stamina. Vingi vina sukari kama ya soda, na juu yake kafeini. Madaktari wa watoto wa Marekani walishatoa msimamo mwaka 2011 kwamba vinywaji hivyo havina nafasi kwa watoto na vijana.

Mashabiki wanamkumbuka Cristiano Ronaldo mwezi Juni 2021 jijini Budapest, kwenye meza ya waandishi kabla ya mechi ya Ureno na Hungary. Alizisogeza pembeni chupa mbili za Coca-Cola, akainua chupa ya maji. Dunia nzima ilizungumzia hisa na wadhamini. Kwa kijana wa Kolo somo lilikuwa jepesi zaidi. Mtu aliyecheza soka la juu akiwa na miaka 36 alichagua maji.

Wala si lazima kutafuta mfano Ureno. Upande wa kaskazini, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Watafiti waliowafuatilia walichapisha mwaka 2017 kwamba Wahadzabe wanatembea na kufanya kazi ya kutoa jasho zaidi ya saa mbili kwa siku, na dalili za hatari ya moyo kwao ni chache. WHO inataka kijana wa miaka 5 hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 kwa siku. Uchambuzi wa nchi 146 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha vijana wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi hizo dakika.

MWEMBAMBA NAYE ASIJIDANGANYE

Hapa ndipo makocha wengi wanapigwa chenga. Wanaangalia tumbo kubwa tu.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hao ni wachezaji wa kesho. Mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama na miaka ya mwanzo, kisha akaongezeka uzito haraka baadaye, mwili wake unakuwa umejifunza kuishi kwa kidogo. Unapoletewa kingi, hasa sukari na mafuta, hauna pa kukipeleka zaidi ya kukihifadhi tumboni. Kijana wa namna hii anaweza kuwa mfupi, mikono miembamba, uzito wake kwenye mizani wa kawaida kabisa, lakini kiuno kimezidi.

Ndiyo maana mizani peke yake ni refa anayetazama upande mmoja wa uwanja. Beki mwenye misuli anaweza kuonekana mzito na yuko salama. Kiungo mwembamba anaweza kuonekana fiti na hayuko salama.

KAMBA INAVYOFANYA KAZI

Kipimo kinachosaidia kuwatofautisha hakihitaji umeme, betri wala daktari. Ni kamba. Kanuni yake ni fupi: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wa mtu. Uingereza, tangu mwaka 2022, mwongozo wa taifa wa afya unawashauri watu wajipime kwa kanuni hiyo, pamoja na uwiano wa uzito na urefu.

Kocha achukue kamba isiyovutika, kama ile ya kufungia mizigo. Kijana avue viatu, asimame wima ukutani. Kamba ipimwe kutoka unyayo hadi utosi, ikatwe hapo. Kisha ikunjwe katikati, ziwe nusu mbili sawa. Nusu hiyo izungushwe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya jezi, kijana akiwa ametoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani.

Ncha zikikutana na kupishana, vizuri. Zisipokutana, ni kadi ya njano.

Kwa mwenye futi ya fundi cherehani ni rahisi zaidi. Kijana wa sentimita 164, nusu yake ni 82. Kiuno cha 76 kinaendelea na mazoezi. Kiuno cha 88 kinaendelea na mazoezi pia, lakini kinapelekwa kupimwa.

Neno kadi ya njano limetumika kwa makusudi. Kamba haisemi kijana ana kisukari. Inasema tu kwamba huyu asiachwe bila kupimwa. Kazi ya kutoa hukumu ni ya mganga.

Zipo dalili nyingine ambazo kocha au mzazi anaweza kuziona bila kifaa. Ya kwanza ni shingo. Kijana ambaye insulini inafanya kazi ya ziada mara nyingine huota ngozi nyeusi, nene, laini kama kitambaa cha mahameli, nyuma ya shingo au kwapani. Haitoki kwa sabuni. Watoto wengi wamesuguliwa kwa dodoki na kugombezwa kwamba hawaogi, kumbe ngozi ilikuwa inatoa taarifa ya ndani.

Ya pili ni ukoo. Kama baba, mama, babu au bibi ana kisukari au presha, au mama aliugua kisukari akiwa na mimba ya kijana huyo, hatari inaongezeka. Ya tatu ni usingizi. Kijana anayekoroma sana usiku na kusinzia darasani mchana. Kwa wasichana wanaocheza soka kuna ya nne, hedhi isiyo na mpangilio kwa muda mrefu, ambayo mwalimu wa kike ndiye wa kuiulizia.

Mwenye kadi ya njano aende kituo cha afya asubuhi akiwa hajala kwa saa zisizopungua nane. Hapo kuna vipimo viwili vya haraka. Cha kwanza ni presha. Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, madaktari wa watoto wa Marekani wanahesabu 130 kwa 80 na zaidi kuwa ya juu, ikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo. Cha pili ni tone la damu kidoleni. Sukari ya kabla ya kula ikiwa chini ya milimoli 5.6 kwa lita, ni salama. Kuanzia 5.6 hadi 6.9, ni eneo la tahadhari. Ikifika 7.0 na zaidi, kipimo kinarudiwa maabara ili kuthibitisha kisukari.

Kipimo cha mafuta ya damu huhitaji maabara kubwa zaidi, na mganga ndiye anayeamua nani aende. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa kanuni mwaka 2007 kwa vijana wa miaka 10 hadi 16: kiuno kikubwa, pamoja na mambo mengine mawili kati ya sukari, presha na aina mbili za mafuta ya damu. Mpangilio wenyewe unaonyesha kiuno ndicho kinachotangulia, na kiuno kinapimika uwanjani.

YULE ANAYEKONDA GHAFLA

Kuna mchezaji mmoja ambaye hangojewi kamba. Huyu ni yule anayekonda ndani ya wiki chache huku anakula. Ana kiu isiyoisha, anamaliza dumu la timu peke yake. Anaamka usiku mara nne kukojoa. Kisha anaanza kutapika, anahema kwa kasi, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana.

Hiyo inaweza kuwa kisukari aina ya kwanza, ambayo haihusiani na soda wala uzito. Kongosho imeacha kutengeneza insulini kabisa. Katika nchi zenye malaria, kutapika na kuishiwa nguvu huchukuliwa haraka kuwa malaria, na watoto wamepoteza maisha kwa sababu hakuna aliyepima sukari. Kijana wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka aombe kwa sauti kipimo cha sukari.

Akiwahi, mpira wake haujaisha. Nacho Fernández alikuwa na miaka 12, mchezaji wa timu za watoto za Real Madrid, alipogundulika na aina hiyo. Amesimulia kwamba daktari wa kwanza alimwambia soka basi. Siku tatu baadaye daktari mwingine akamwambia kinyume kabisa, kwamba aendelee kucheza kwa sababu mazoezi yatamsaidia. Alimsikiliza wa pili. Alipoondoka Madrid mwaka 2024 alikuwa nahodha mwenye mataji sita ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Lile shuti lake lililogonga mwamba na kuingia dhidi ya Ureno, Kombe la Dunia 2018, lilipigwa na mtu anayetegemea insulini kila siku ya maisha yake.

Kabla yake alikuwapo Gary Mabbutt, aliyegundulika akiwa na miaka 17 na kuja kuinua Kombe la FA mwaka 1991 kama nahodha wa Tottenham. Lakini Mabbutt ni somo la pande mbili. Mwaka 2013, miaka mingi baada ya kutundika daluga, alilazimika kufanyiwa upasuaji mkubwa wa mishipa ili mguu wake usikatwe. Kisukari hakistaafu mchezaji anapostaafu.

BENCHI NI ADHABU MBAYA

Turudi kwa winga wetu. Kosa kubwa lililofanyika kwake halikuwa soda. Lilikuwa benchi.

Sababu ni hii. Misuli inapofanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imechoka. Ina njia yake ya pembeni. Na baada ya mazoezi makali, misuli hubaki na usikivu mzuri kwa insulini kwa siku moja hadi mbili. Mechi ya Jumamosi inafanya kazi mpaka Jumapili. Ukiongeza mazoezi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kongosho inapata mapumziko karibu wiki nzima.

Kwa hiyo kijana anayeachwa nje ya timu kwa sababu amenenepa ananyang'anywa dawa ambayo alikuwa tayari anaitumia, tena bure. Atakaa nyumbani, ataongezeka, na kila atakayemwona atasema kocha alikuwa sahihi.

Wala kumkimbiza mizunguko 20 ya uwanja kwa adhabu huku wenzake wanacheka si tiba. Kijana aliyedhalilishwa harudi. Anachohitaji ni dakika za kucheza zinazopanda polepole, labda 15 wiki hii na 25 wiki ijayo, nafasi isiyomtaka kupanda na kushuka dakika 90, na chupa ya maji.

Hata upimaji wenyewe una adabu zake. Mzazi ajulishwe kabla. Kijana apimwe pembeni au ndani ya darasa, mmoja mmoja, na namba isitangazwe. Wapimwe wote, wanene kwa wembamba, ili asijulikane nani anatafutwa. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike.

Nyumbani nako hakuhitaji chakula cha kununua mjini. Kanda ya kati ina uwele na mtama, ina mlenda, kunde, karanga, ubuyu na maziwa ya mgando. Ugali wa unga usiokobolewa huingiza sukari kwenye damu polepole kuliko sembe nyeupe. Maji au uji usiojazwa sukari baada ya mazoezi, matunda badala ya juisi ya pakiti, chipsi ziwe za siku maalumu. Kijana bado anakua, hivyo asinyimwe chakula wala kufungishwa njaa. Mara nyingi lengo si ashuke kilo, ni kiuno kisimame wakati urefu unaendelea kupanda.

MPIRA UNAJUA KUPIMA

Soka halina ugeni na vipimo. Tangu mwaka 2009, FIFA imekuwa ikitumia mashine ya MRI kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, ili kuwanasa waliodanganya umri. Tangu Kombe la Dunia la 2006 inahimiza wachezaji kukaguliwa afya kabla ya mashindano, hasa moyo.

Maana yake ni kwamba mpira unakubali kusimamisha kijana na kumpima kifundo cha mkono kwa mashine ya mamilioni ili kulinda ushindani. Kumpima kiuno kwa kamba ili kumlinda yeye mwenyewe ni jambo dogo mno.

Serikali nayo ilishafungua njia. Novemba 2019, jijini Dodoma, ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Mkoani humohumo, wilayani Chamwino, watafiti waliwahi kuendesha katika shule sita za sekondari mradi wa bustani, chakula cha shuleni na elimu ya lishe kwa vijana. Shule zinafikika, vijana wanapatikana, na walimu wanaweza.

Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha uwanja na zahanati. UMISSETA na UMITASHUMTA hukusanya vijana kambini kila mwaka, majina yameandikwa, vyeti vimekaguliwa. Siku ya kwanza ya kambi ingetosha. Kamba kwa kila mmoja, mashine ya presha moja, na mganga mmoja wa kuwapokea wenye kadi ya njano. Ligi za ndondo zinazoshindaniwa kwa mbuzi na jezi zingeweza kufanya vilevile siku ya usajili, na zoezi likarudiwa mwanzo wa kila msimu, kwa sababu kijana wa miaka 14 si yule wa miaka 15.

Kwa timu ya kijiji hata hilo si la kungoja. Kocha wa Kolo ana filimbi, ana mpira mmoja uliochoka na ana daftari la majina. Akiongeza kamba, amekamilisha benchi lake la ufundi.

Na winga? Huyo apimwe Jumatatu. Kamba isipofika, aende zahanati Jumanne asubuhi kabla ya chai, na mzazi wake. Majibu yoyote atakayopewa, Jumatano awe mazoezini na wenzake, isipokuwa mganga aseme apumzike. Jumamosi jina lake lirudi kwenye orodha, hata kama ni kwa dakika 15 za mwisho.